VUMBI LISILOONEKANA: TUIFAHAMU SARATANI YA UTANDO WA MAPAFU NA PAA ZA ASBESTO

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia wa wilaya za Ngara na Biharamulo)



Nimeombwa kuzungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia. Kwa lugha ya wataalamu unaitwa mesothelioma. Katika wilaya zetu tumezoea kuzungumzia malaria, UKIMWI na kifua kikuu, na ni haki, kwa sababu hayo ndiyo yanayotuzikia watu wengi zaidi. Ugonjwa huu ni wa nadra. Lakini naomba tuutenge muda kwa sababu mbili. Kwanza, karibu wote wanaoupata wameupata kwa vumbi la kitu kilichotengenezwa na kutumiwa na binadamu, hivyo unaweza kuzuiwa. Pili, uamuzi wa kuuzuia haufanyiki hospitali. Unafanyika katika vikao kama hiki, pale kamati inapopanga kufumua paa la zamani la shule, la zahanati au la nyumba ya mapadre.

ASBESTO NI NINI?

Asbesto ni jiwe linalochimbwa ardhini. Tofauti yake na mawe mengine ni kwamba likipondwa halitoi chembe za duara kama mchanga, bali hutoa nyuzi kama za katani, zinazoendelea kuchanika mpaka zinakuwa nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Nyuzi hizo haziungui, hazioti kutu na haziozi. Jina lenyewe limetoka katika Kigiriki na maana yake ni kitu kisichozimika.

Kwa sifa hizo, viwanda vya karne ya 20 viliipenda sana. Ilichanganywa na simenti kutengeneza mabati ya kuezekea, mabomba ya maji na dari. Ilizungushiwa mabomba ya mvuke na injini. Ilitiwa katika breki na klachi za magari. Afrika yenyewe ilikuwa na migodi mikubwa, huko Afrika Kusini, Zimbabwe na Swaziland, ambayo leo ni Eswatini.

Zipo aina tatu zilizotumika zaidi: nyeupe, kahawia na buluu. Ya buluu na ya kahawia ndizo kali zaidi katika kuleta saratani hii. Hata hivyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limekwisha kutamka kwamba aina zote husababisha saratani kwa binadamu. Mtu akikuambia kwamba "hii nyeupe haina neno," usimsikilize.

INADHURUJE?

Bati la asbesto likiwa zima, nyuzi zake zimefungwa ndani ya simenti. Hatari huanza linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa, linapovunjwa kwa nyundo, au linapozeeka hadi uso wake ukawa unachunika. Hapo nyuzi hupaa hewani. Huzioni, hazinuki, hazichomi kooni. Mtu huzivuta bila kujua.

Vumbi la kawaida tunalikohoa likatoka na makohozi. Nyuzi hizi nyembamba hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hufika kwenye utando mwembamba unaofunika mapafu na kukizunguka kifua kwa ndani. Mwili hauwezi kuziyeyusha. Hukaa humo zikiukera utando ule mwaka baada ya mwaka, na kwa baadhi ya watu chembe hai za utando hugeuka kuwa saratani. Ndiyo mesothelioma. Wakati mwingine hutokea katika utando wa tumbo.

Jambo la kushangaza ni muda. Tangu mtu avute vumbi hadi augue hupita miaka 20, 30, 40, na hata 50. Mtoto wa darasa la nne anayecheza leo kwenye vipande vya paa lililobomolewa anaweza kuugua akiwa na wajukuu. Hatakumbuka siku hiyo, na kamati iliyoamua itakuwa imekwisha kusahaulika.

Asbesto huleta pia magonjwa mengine: makovu ya mapafu yanayoitwa asbestosisi, pamoja na saratani ya mapafu yenyewe, ya koo la sauti na ya mifuko ya mayai kwa wanawake. Hapa tuwe makini. Uvutaji wa sigara hausababishi mesothelioma, lakini mtu aliyevuta vumbi la asbesto na sigara pia, hatari yake ya kupata saratani ya mapafu huongezeka maradufu na zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 hufa duniani kila mwaka kutokana na asbesto waliyokutana nayo kazini.

ILIVYOGUNDULIWA AFRIKA

Ndugu wajumbe, ushahidi mkubwa kuhusu ugonjwa huu ulitoka katika bara letu, na ulitoka katika hospitali ya kifua kikuu.

Katika miaka ya 1950, daktari aliyeitwa Sleggs alikuwa akiongoza hospitali ya kifua kikuu mjini Kimberley, Afrika Kusini. Aliona jambo lililomsumbua. Wagonjwa wenye maji kifuani waliotoka upande mmoja wa nchi walipona kwa dawa za kifua kikuu. Waliotoka upande wa magharibi, ambako kulikuwa na machimbo ya asbesto ya buluu, hawakupona. Mwaka 1956 daktari mwingine, Chris Wagner, aliyekuwa mtaalamu wa kuchunguza maiti, alimpasua mtu aliyedhaniwa kuwa amekufa kwa kifua kikuu. Akakuta kifua kimejaa uvimbe wa saratani ambayo vitabu vya wakati ule viliihesabu kuwa adimu mno.

Wagner, Sleggs na mpasuaji Marchand wakaanza kuwafuatilia wagonjwa wa namna hiyo, mmoja mmoja, wakiwauliza walizaliwa wapi na walifanya kazi gani. Mwaka 1960 wakachapisha taarifa ya wagonjwa 33. Isipokuwa mmoja tu, wote walikuwa na uhusiano na asbesto. Na si wote walikuwa wachimbaji. Wengine walikuwa wameishi tu karibu na machimbo walipokuwa watoto.

Mwaka 1965 watafiti wa London nao wakaonyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa walikuwamo wanawake ambao hawakuwahi kuingia kiwandani. Kazi yao ilikuwa kufua nguo za waume zao.

Hata hivyo biashara iliendelea kwa miaka mingi. Uingereza iliipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999, nchi za Umoja wa Ulaya kufikia mwaka 2005, na Afrika Kusini yenyewe mwaka 2008. Maelfu ya Waafrika Kusini waliishtaki kampuni ya Cape mahakamani Uingereza. Mwaka 2000 jopo la juu la majaji wa nchi hiyo liliamua kwamba kesi yao isikilizwe huko, na fidia ikapatikana mwaka 2003. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

MAJIRANI ZETU WANAFANYA NINI?

Hatuna haja ya kwenda mbali. Tukivuka daraja la Rusumo tunaingia Rwanda. Huko asbesto iliezekwa kwenye shule, hospitali, ofisi za serikali, makanisa na nyumba za watu. Mwaka 2011 serikali ya Rwanda ilianza mpango wa nchi nzima wa kuiondoa, chini ya mamlaka yake ya nyumba. Kazi ilikuwa kubwa: zaidi ya meta za mraba milioni moja na nusu za paa. Mabati yanaondolewa na watu waliofundishwa, wakiwa na mavazi ya kujikinga, na kufukiwa kwenye mashimo yaliyotengwa. Tarehe ya kumaliza imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, kwa sababu kuezeka upya ni gharama na wenye majengo wengi, zikiwamo taasisi za dini, hawakuwa na fedha. Somo hapo ni kwamba nia njema bila bajeti haiondoi paa. Kenya nayo, kwa kanuni za mwaka 2006, iliziweka taka za asbesto katika kundi la taka hatari.

Kwetu Tanzania, majengo mengi ya umma na ya taasisi yaliyojengwa katika miongo ya kwanza baada ya Uhuru yaliezekwa kwa mabati haya. Yalisifiwa kwamba ni ya kudumu na hayaleti joto wala kelele za mvua. Walioyaweka hawakuwa na nia mbaya. Lakini sasa mabati hayo yamezeeka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka taka hatari zisitupwe ovyo, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Kamati ya parokia inayomlipa fundi kupanda juu ya paa nayo ni mwajiri.

TUTAZITAMBUAJE?

Mabati haya ni ya kijivu, mazito, yenye mawimbi mapana, na unene wake ni kama milimita sita. Hayapindi kama bati la chuma. Yakigongwa huvunjika kama chungu. Ukitazama pembeni palipovunjika unaweza kuona manyoya manyoya. Hata hivyo yapo mabati mapya ya simenti yasiyo na asbesto yanayofanana nayo kabisa, na tofauti huonekana kwa darubini ya maabara tu. Kanuni salama ni hii: paa la zamani la namna hiyo tulichukulie kuwa ni asbesto mpaka vipimo vioneshe vingine.

Tusiwatishe watu bure. Mwalimu anayefundisha chini ya paa zima la asbesto hayumo katika hatari kubwa. Hakuna kiwango cha vumbi hili kinachojulikana kuwa hakina madhara kabisa, lakini hatari hupanda kadiri mtu anavyovuta zaidi. Mwenye hatari kubwa ni fundi anayekata na kuvunja, na anayefagia vumbi baadaye. Kuhusu maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa hizo, Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi wa kuridhisha kwamba kunywa nyuzi hizi kunadhuru. Lakini tope la kwenye mifereji likikauka huwa vumbi, kwa hiyo lisafishwe likiwa bichi.

TUFANYE NINI NA TUSIFANYE NINI?

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uzito wa mada yetu. Desturi yetu ya kujitolea ni nzuri. Wakristo huitwa, kila jumuiya inapewa siku yake, na paa linashuka kwa asubuhi moja. Kwa paa la asbesto, desturi hiyo ni hatari. Vijana hupanda na nyundo, mabati hurushwa chini na kupasuka, kina mama hufagia, watoto huokota vipande. Kwa siku moja tunakuwa tumewapa vumbi watu wengi ambao paa lile lilikuwa halijawadhuru kwa miaka 40. Kwa hiyo naomba tukubaliane yafuatayo.

Kwanza, paa lililo zima liachwe kwanza. Lisitobolewe, lisikwanguliwe, lisipigwe brashi ya waya. Fedha kidogo tulizo nazo zielekezwe kwanza kwenye paa zilizovunjika au zinazochunika, hasa za madarasa, wodi na mabweni.

Pili, kabla ya kufumua, kamati imwone Ofisa Afya na Ofisa Mazingira wa halmashauri ya wilaya, na kuwasiliana na Baraza la Mazingira, yaani NEMC, ili kupata maelekezo na mahali pa kufukia. Kazi ipewe mkandarasi mwenye mafunzo.

Tatu, mabati yaloweshwe kwa maji yakiwa bado juu, kwa mnyunyizo mwepesi. Bomba la mgongoni tunalopulizia dawa ya kahawa au pamba, likiwa limesafishwa vizuri, linafaa. Misumari na skrubu zifunguliwe taratibu, bati lishushwe kwa mikono likiwa zima, kisha lifungwe kwa nailoni nzito tabaka mbili na kuandikwa. Msumeno wa umeme usitumike kabisa.

Nne, wafanyakazi wavae ovaroli za kutupwa na vifaa vya pumzi vya kuzuia vumbi jembamba, vinavyobana uso sawasawa. Barakoa za kitambaa tulizozizoea wakati wa korona hazizuii nyuzi hizi. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kufuliwa. Mwanafunzi, mama mjamzito au mpita njia asiwe karibu.

Tano, mabati ya zamani yasigawiwe wala kuuzwa. Najua jambo hili ni gumu. Mjane akiomba mabati manne ya kuezekea jiko au banda la mbuzi, kumnyima kunaonekana kama ukatili. Lakini tukimpa tunampa mzigo wa kuyakata na kuyatoboa, halafu ataishi chini ya mabati yaliyopasuka. Tumtafutie bati la chuma. Vipande pia visitumike kujazia njia, kuzungushia bustani wala kuwekwa juu ya moto, kwani hupasuka kwa kishindo na kurusha vumbi.

Aidha, wenzetu wa gereji wasisahauliwe. Barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi inapita Nyakanazi, Nyakahura na Benaco, na kando yake vijana wetu wanatengeneza breki. Breki za zamani, na baadhi ya zile za bei nafuu, zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa kitupwe kwa usalama.

DALILI NA MATIBABU

Dalili ni kuishiwa pumzi polepole, maumivu ya kifua upande mmoja, kukohoa, kupungua uzito, na maji kujaa kifuani. Mtaona kwamba dalili hizi zinafanana sana na za kifua kikuu. Katika mazingira yetu mtu mwenye dalili hizo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kifua kikuu, ambacho kinatibika na kupona. Kwa hiyo asikae nyumbani akidhani ana saratani, wala asidhani amerogwa. Aende zahanati mapema apimwe.

Lakini akitumia dawa za kifua kikuu kama alivyoelekezwa na maji yakaendelea kurudi, basi tukumbuke wagonjwa wa Kimberley. Mgonjwa amweleze mganga kazi zote alizofanya tangu ujana: kuezeka, kubomoa majengo, gereji, meli, reli, viwanda, migodi, na wapi. Hilo ni swali ambalo mganga mwenye wagonjwa 60 kwa siku anaweza asipate nafasi ya kuliuliza. Uhakika hupatikana kwa kuchukua kinyama na kukipima maabara, na kwa hilo mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Kuhusu tiba, lazima tuseme ukweli. Zipo dawa za saratani, na wachache hufanyiwa upasuaji. Tangu mwaka 2020 zimeidhinishwa katika nchi tajiri dawa za kuusaidia mwili wenyewe kupambana na uvimbe. Hizo huongeza muda wa kuishi, lakini kupona kabisa ni nadra, na wengi huishi takriban mwaka mmoja tu baada ya kugunduliwa. Kinachoweza kufanyika hata kwetu ni kumtoa maji kifuani apumue, kumpa dawa za kutosha za maumivu, ikiwamo mofini, na kuwa karibu naye. Ugonjwa huu hauambukizi. Anaweza kula nasi, kulala nyumbani na kubebewa mjukuu wake. Na kama aliupata kazini akiwa mwajiriwa, familia iulize Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kuhusu haki zake, na isisubiri mpaka baada ya mazishi.

MAOMBI YANGU KWENU

Kwa kamati za parokia: kabla ya kikao kijacho, kila kamati ifungue daftari la majengo. Iandike jina la jengo, mwaka lilipoezekwa, aina ya paa, hali yake, na nani hukaa chini yake. Kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji kutazama tu, bila kupanda na bila kugusa. Daftari hilo ndilo litakalotuonyesha tuanze na jengo lipi.

Kwa ndugu wafadhili: mnapopokea maombi ya kukarabati jengo la zamani, ulizeni paa la sasa ni la nini. Mara nyingi bajeti huwa na fedha za mabati mapya, misumari na rangi, na haina hata shilingi ya kuondoa yale ya zamani. Matokeo yake mabati hayo huishia mitaani. Tafadhali kifungu hicho kiwemo, hata kama kitapunguza idadi ya majengo yatakayokarabatiwa mwaka huo. Paa moja lililoondolewa vizuri ni bora kuliko matatu yaliyovunjwa ovyo.

Ndugu wajumbe, faida ya kazi hii hatutaiona. Hakuna atakayetushukuru kwa kutougua miaka 40 ijayo, maana hatajua kwamba angeugua. Lakini waliotutangulia walipanda miembe ambayo leo tunakula matunda yake bila kujua majina yao. Nasi tufanye hivyo kwa ajili ya watoto wanaosoma chini ya paa hizi.